Pampu ya volti 12 kwa maji ya chumvi: tathmini kutoka Kigoma

Kifaa ninachokitathmini hapa ni pampu ndogo ya kuzama majini inayotumia umeme wa volti 12, ambayo katika maduka ya vifaa vya sola ya Mwanga, hapa Kigoma, huuzwa kwa ajili ya chemchemi za bustani na kumwagilia miche. Mimi ninaitumia kwa kazi ambayo muuzaji hakuifikiria: kuhamisha maji ya chumvi yaliyokwisha kuchanganywa kutoka kwenye pipa lililoko baraza ya nyuma hadi kwenye tangi la samaki lililoko sebuleni, kila ninapobadilisha sehemu ya maji. Kwa kazi hiyo ninaipa alama za juu. Siipi alama hizo kwa sababu ya nguvu, maana nguvu hiyo haina. Ninaipa kwa sababu inaondoa kwa pamoja hatari mbili kubwa, ya kupigwa na umeme na ya kuumia mgongo. Kasoro zake zipo, nyingine zinaudhi kwelikweli, na nitazieleza bila kuzipaka rangi.

Tangi langu ni la kioo, la lita 200, na ndani yake mna matumbawe machache na samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Wageni wanaofika nyumbani hushangaa kumwona mtu anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika akihangaika na samaki wa bahari, hali watu wa nchi za mbali huagiza kwa fedha nyingi samaki wa ziwa hili hili. Hawajakosea kushangaa, ila kila mtu na anachokipenda. Kinachohusu tathmini hii ni kwamba tangi la namna hiyo huhitaji kubadilishiwa asilimia 10 hadi 15 ya maji yake kila wiki moja au mbili, yaani kati ya lita 20 na 30 kwa tangi langu, na maji hayo hayapatikani popote mkoani isipokuwa mtu ayatengeneze mwenyewe.

Hayapatikani, na nalisema hili kwa sababu kila mara kuna mtu anayependekeza njia ya mkato. Maji ya ziwa ni maji baridi: lita moja ina chini ya gramu moja ya madini ya chumvichumvi, wakati lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35. Chumvi ya Uvinza, ambayo watu wameichemsha kutoka kwenye chemchemi za huko kwa zaidi ya miaka elfu moja, ni nzuri kwa mboga na kwa samaki wa kukausha, lakini sehemu yake kubwa ni chumvi ya kawaida ya mezani. Haina magnesiamu, kalisi na bikaboneti kwa uwiano ambao matumbawe huuhitaji ili yajenge mifupa yake. Kwa hiyo chumvi maalumu ya matangi ya bahari huagizwa Dar es Salaam na kuja kwa treni au basi, na ikifika huyeyushwa kwa kiasi cha kilo tatu na nusu hadi karibu kilo nne kwa kila lita 100 za maji safi. Maji hayo safi nayo yana masharti. Maji ya bomba hapa mjini hutoka ziwani na hutiwa klorini, tena yana bikaboneti nyingi kwa asili yake, kiasi kwamba yakikutana na chumvi ya matangi, kalisi huganda na kubaki chini ya pipa badala ya kuyeyuka. Maji ya mvua yana nafuu, isipokuwa yakipita juu ya mabati huchukua zinki, ambayo konokono na matumbawe hawaivumilii. Mimi ninayapitisha maji ya bomba kwenye mtambo mdogo wa kuchuja kwa utando, na mtambo huo ungestahili tathmini yake peke yake.

Baada ya gharama zote hizo ndipo mtu anajikuta na pipa la maji yaliyo tayari upande mmoja wa nyumba na tangi upande mwingine. Wengi hufikiri kwamba hatua iliyobaki ni ndogo. Dumu la lita 20 lililojaa maji ya chumvi lina uzito wa takriban kilo 20 na nusu ukiacha dumu lenyewe, na halibebwi tu, bali linatakiwa kunyanyuliwa hadi juu ya ukingo wa tangi, ambao kwangu uko kifuani, kisha liinamishwe polepole na kushikiliwa hapo hapo mpaka limalizike. Katika mkao huo mgongo unabeba mzigo mbali na mwili, mikono inatetemeka, na maji yanaporuka huangukia sehemu mbili mbaya kuliko zote: kwenye mchanga wa tangi, ambao hufumka na kuwafunika matumbawe, au kwenye vigae vya sakafu na soketi zilizo nyuma ya meza.

Hapa ndipo suala la umeme linapoingia, na ninalipa nafasi kubwa kwa sababu sijaona likizungumzwa vya kutosha na wanaouza vifaa hivi. Maji ya bahari hupitisha umeme zaidi ya mara 70 kuliko maji ya ziwa letu. Pampu ya kawaida ya kuzama, ile inayochomekwa ukutani na kutumia volti 230, ikipasuka gamba au waya wake ukichubuka ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, mtu aliyetia mkono ndani ya ndoo hiyo akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu yuko katika hatari ya kufa. Nyumba yenye swichi inayokata umeme mara unapovuja, ile ya miliampea 30, ina kinga nzuri; tatizo ni kwamba nyumba nyingi za kupanga hazina swichi hiyo, na fundi wa mwenye nyumba hataiweka kwa sababu mpangaji anafuga samaki. Pampu ya volti 12 inayoendeshwa na betri huufuta mjadala huo wote, kwa kuwa volti hizo haziwezi kumpiga mtu shoti ya kumdhuru hata mikono ikiwa imelowa.

Ninasisitiza neno betri. Pampu hii inaweza pia kuendeshwa kwa adapta ya kuchomeka ukutani, na muuzaji atakupa moja kwa bei ndogo, lakini adapta hafifu hazitenganishi vizuri upande wa volti 230 na upande wa volti 12, na ikiharibika ndani, umeme wa ukutani unaweza kufika majini kwa waya ule ule uliodhani ni salama. Mimi ninatumia betri ndogo iliyofungwa ya volti 12 na saa-ampea 7 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), ambayo ninaichomoa kabisa kwenye chaja kabla ya kuanza kazi. Pampu inakula ampea 1.6, kwa hiyo betri hiyo inatosha kwa kuhamisha maji na kubaki na akiba kubwa, hata siku ambayo umeme umekatika tangu alfajiri. Sharti moja: weka fyuzi ya ampea 3 karibu na ncha chanya ya betri. Betri haitakupiga shoti, lakini nyaya zake zikigusana, hupata moto wa kutosha kuunguza mpira wa waya, na betri yenyewe inapaswa kukaa juu ya kiti kikavu, si sakafuni karibu na pipa.

Sasa pampu yenyewe. Kwenye boksi imeandikwa kwamba inasukuma lita 800 kwa saa na kwamba inaweza kupandisha maji mita 5. Maelezo yote mawili ni ya kweli, ila si kwa wakati mmoja, na mnunuzi asiyelijua hilo atajiona ametapeliwa. Lita 800 ni kiasi kinachotoka pale ambapo maji hayapandi kabisa; mita 5 ni kimo ambacho maji husimama bila kutoka hata tone. Katikati ya hapo kuna maisha halisi. Nilipoupeleka mpira kwenye kimo cha ukingo wa tangi langu, takriban mita 1.4 juu ya maji ya pipa, ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika tatu na ushee, ambayo ni karibu nusu ya kilichoandikwa. Kwa ukaguzi wangu huo ndio mwendo unaofaa. Pampu yenye kasi zaidi ingefumua mchanga na isingenipa nafasi ya kukimbilia swichi iwapo mpira ungechomoka.

Ubora wake mkubwa umejificha ndani. Ukifungua kifuniko cha mbele, ambacho huvutwa tu bila bisibisi, utaona pangaboi ndogo ya plastiki iliyoungana na sumaku, ikizunguka juu ya shafti nyeupe ya kauri. Mota imemwagiwa gundi ngumu na kuzibwa kabisa, hivyo hakuna mahali ambapo maji hukutana na chuma. Hili ndilo la kukagua kabla ya kutoa fedha, kwa sababu pampu nyingine inayofanana nayo kwa rangi na umbo ina shafti ya chuma, na chuma hicho, hata kile kinachoitwa kisichoshika kutu, huanza kuchubuka ndani ya maji ya chumvi. Muuzaji asipokubali ufungue kifuniko, ondoka. Vilevile usiikubali pampu ya kisima yenye mafuta ndani, hata ukipunguziwa bei, kwa kuwa kizibo chake kikichoka mafuta yanaingia kwenye maji ya samaki.

Muuzaji wangu, kwa kweli, alikuwa muungwana. Nilipomweleza matumizi alinitazama akaniambia, “Kaka, hii imeletwa kwa maji ya bustani. Kwenye chumvi sikupi garantii, usije ukanirudishia.” Ninapendelea muuzaji wa aina hiyo kuliko yule anayeapa kwamba kifaa kinafaa kwa kila kitu. Nilichokikataa ni vile alivyovifunga pamoja na pampu: mpira wa kijani wa bustani, ulionuka plastiki mpya hata baada ya kuoshwa, na klampu mbili za bati. Mipira ya bustani hutengenezwa bila kufikiria kwamba kuna kiumbe atakayeishi ndani ya maji yanayopita humo, na klampu za bati zilifanya kutu ya rangi ya chai ndani ya muda mfupi. Niliweka badala yake mpira mweupe unaopitisha mwanga, wa aina inayotumika kwa vyakula na vinywaji, na vifungio vya plastiki vya kuvuta. Koki za shaba nazo nimezipiga marufuku kabisa nyumbani kwangu katika njia yoyote ya maji haya, maana shaba kidogo tu huwaua kamba na matumbawe.

Kasoro kubwa ya pampu ni kwamba haina vali ya kuzuia maji yasirudi. Ukiizima huku ncha ya mpira ikiwa imezama ndani ya tangi, maji hayasimami. Yanageuza mwendo, yanashuka kwa mvuto kupitia kwenye pampu yenyewe na kurudi kwenye pipa lililoko chini. Kwanza unachafua maji safi kwa maji ya tangi, na pili, ukiwa umeondoka kupokea simu, pipa linaweza kujaa na kufurika barazani huku tangi likipungua hadi kuiacha hita hewani, na hita iliyowaka hewani hupasuka. Dawa yake ni rahisi, lakini ilipaswa kuja na kifaa: ncha ya mpira ibanwe kwenye ukingo wa tangi juu ya usawa wa maji, isizame kamwe, na maji yaangukie kwenye kisahani au yateleze kwenye kioo. Nimetengeneza kibanio kwa kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi lililopindwa, nikakifunga ukingoni kiasi kwamba mtoto akivuta mpira hautoki. Kuzuia ncha isiruke ni jambo muhimu kuliko mambo yote ya pampu, kwani mpira uliochomoka ukiwa na pampu inayosukuma humwaga lita sita kila dakika juu ya zulia.

Kabla ya kuwasha, kuna mpangilio ambao pampu haiwezi kukufanyia. Hita na pampu za ndani ya tangi huzimwa kwanza. Kiasi cha chumvi hupimwa pande zote mbili kwa refraktomita, yaani kifaa cha kupimia chumvi majini, iliyosawazishwa kwa maji ya kipimo ya gramu 35, wala si kwa maji ya kunywa tu, na tangi hujazwa kwanza maji safi kufidia yaliyokauka, kwa sababu maji yanapokauka huondoka yenyewe na kuiacha chumvi. Joto nalo halichezewi: pipa lililokaa barazani kwa jua la mchana la Kigoma linaweza kupita joto la tangi kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo kazi hii ninaifanya asubuhi au baada ya jua kushuka, baada ya kupima. Maji ya kwanza yanayotoka kwenye mpira, yale yaliyolala humo, huenda kwenye ndoo. Faida nyingine ya pampu, ambayo nilinunua bila kuitarajia, ni kwamba inafaa kwa kuchanganya: unaitupa ndani ya pipa la maji safi, unamimina chumvi kidogo kidogo huku inazungusha, na unaiacha usiku kucha mpaka maji yawe angavu. Kwa kazi hiyo ya saa nyingi betri ndogo haitoshi. Ninatumia betri kubwa ya sola ya nyumba, na wakati huo hakuna mtu anayetia mkono pipani.

Kuna watu ambao sitawashauri waitoe fedha yao. Nyumba nyingi za Mwanga na za kuelekea Mlole zimejengwa kwenye mteremko, na si ajabu uwanja wa nyuma kuwa juu kuliko sakafu ya sebule. Mwenye nyumba ya hivyo aweke pipa lake juu ya matofali uwanjani, avute mpira hadi ndani, na aache maji yashuke yenyewe. Mvuto hauhitaji betri wala fyuzi. Atahitaji koki ya plastiki kwenye ncha ya tangi, si kwenye ncha ya pipa, ili anayefunga awe ndiye anayeyaona maji yakipanda. Wala asianzishe mwendo kwa kunyonya mpira kwa mdomo, kwa kuwa baadhi ya matumbawe ya matangini yana sumu kali na mpira huo huo huenda uliwahi kutumika kutoa maji machafu. Ajaze mpira maji kwanza, azibe ncha kwa kidole gumba, kisha aufungulie.

Kwa anayempelekea rafiki maji, kama ninavyompelekea mwenzangu wa Ujiji mwenye tangi dogo, pampu inabaki na kazi mwisho wa safari tu. Katikati ni madumu. Tumia madumu ya plastiki yenye alama ya namba 2 ndani ya pembetatu, yaliyobeba chakula au maji tangu mwanzo. Dumu la mafuta ya kula hubaki na utando wa mafuta hata likisuguliwa kwa mchanga, na dumu lililowahi kubeba dawa ya shambani au mafuta ya taa halifai hata likikaa juani mwaka mzima. Lijazwe hadi shingoni, kwa sababu maji ya nusu dumu huyumba na kulipindua kwenye kona, na lisimame wima katikati ya miguu ya abiria kwenye bajaji. Kwenye bodaboda sipeleki. Mwendeshaji atakuambia anabeba magunia ya mkaa kila siku, na ni kweli, lakini gunia la mkaa halisukumani lenyewe.

Maji ya zamani yanayotolewa tangini huenda chooni. Usiyamwage kwenye migomba, maana chumvi hukausha mizizi, wala usiyashushe ziwani pamoja na chochote kilicho hai kilichokuwa ndani yake. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine, na hawahitaji wageni.

Bei ya pampu pekee, bila betri, inakaribia ya mifuko miwili ya saruji, na mpira mzuri huongeza gharama ambayo boksi halikuambii. Baada ya kila matumizi ninaizungusha ndani ya ndoo ya maji ya kawaida kwa dakika chache, ninafungua kifuniko na kuisafisha pangaboi kwa mswaki wa zamani, na inapoanza kuvaa ukoko mweupe ninailoweka kwenye siki. Imeanza kulalamika kidogo inapowashwa, sauti ya kukwaruza inayopotea baada ya sekunde chache, jambo linaloonyesha kwamba shimo la pangaboi limeanza kulika. Pangaboi ya akiba haiuzwi Kigoma. Muuzaji alinieleza wazi kwamba wao huuza pampu nzima. Kwa hiyo atakayeinunua anunue mbili kama mfuko unaruhusu, na afungue kifuniko cha kila moja pale pale dukani kuhakikisha shafti zote mbili ni nyeupe.